Bendi kubwa ya jazi haikui kwa kuongeza shoo: niliyoyaona kwenye kiti cha tromboni ya tatu

Mleta mada, nimekusoma. Unasema bendi yenu ya mkoa ina watu 17, haitafuti faida, ina miaka mitatu na mnapiga vizuri, ila hamsogei. Watazamaji ni wale wale, mfuko mtupu, na sasa mnavutana: wengine wanataka shoo ziongezwe, wengine wanataka atafutwe mfadhili mnene. Nilikaa miaka 11 kwenye bendi ya namna hiyo, tromboni ya tatu, na zaidi ya nusu ya muda huo nilikuwa pia mtunza nota.

Tuanze na hesabu. Saksafoni 5, tarumbeta 4, tromboni 4, halafu piano, besi, gitaa na drams. Watu 17 wanategemea mapato ya mlangoni ambayo kikundi kidogo kinagawana watu wanne. Hesabu hii iliwashinda wakubwa. Mwishoni mwa 1946 bendi kadhaa zenye majina makubwa Marekani zilivunjika karibu kwa mpigo. Count Basie naye alivunja yake 1950, akapiga na kikundi kidogo mpaka alipounda bendi kubwa upya 1952. Duke Ellington hakuvunja, lakini mirabaha ya tungo zake ndiyo iliyokuwa inaziba pengo la mishahara. Kwa hiyo kama kila shoo inawatia hasara, mkiongeza shoo mnaongeza hasara. Sisi tulijaribu. Mwaka ule tulikubali kila mwaliko, tukaumaliza tukiwa hoi na tunadaiwa nauli.

Kilichotubadilisha kilianza na fotokopi mbovu. Siku moja niliugua, akaja deiwaka kukaa kiti changu. Kijana anasoma nota kuliko mimi. Wimbo ulipofika karibu na mwisho, akanyamaza. Kiongozi akasimamisha, akauliza kulikoni, kijana akainua karatasi: mstari wa mwisho haukuwepo, mashine ilikuwa imeukata miaka mingi nyuma. Mimi nilikuwa naupiga kwa kichwa, sikumwambia mtu. Nilipopona, niliupekua mkusanyiko mzima kwa majuma sita. Nilikuta karatasi za tarumbeta ya pili zenye mishale ya kalamu ya wino ikielekeza kuruka sehemu ambayo hatukuwa tunairuka tena. Nilikuta nyimbo tulizonunua mara mbili kwa sababu hakuna aliyejua kwamba tunazo.

Tukaweka utaratibu. Majalada 17 yenye namba, moja kwa kila kiti. Kila wimbo na namba yake. Karatasi halisi zinakaa kwenye sanduku, nakala za kazi ndizo zinatoka. Penseli tu, wino marufuku. Jalada haliendi nyumbani kwa mtu, hata awe tarumbeta ya kwanza (wapiga tarumbeta mtanisamehe, ila mnajijua). Pembeni tukawa na orodha ya madeiwaka wawili kwa kila kiti, ambao wameshakaa mazoezini angalau mara moja. Kuanzia hapo mtu akifiwa au akihama, shoo haifutwi. Huko nyuma tuliwahi kufuta shoo mbili kwa sababu ya mpiga besi mmoja, na wenye ukumbi hawasahau mambo hayo.

La pili ni siku maalumu. Thad Jones na Mel Lewis, na bendi yao kubwa, walianza kupiga kwenye klabu ya jazi ya Village Vanguard, New York, Jumatatu za Februari 1966. Jumatatu ilifaa kwa sababu wanamuziki wengi wa studio walikuwa huru usiku huo. Jones aliondoka 1979, Lewis akafariki 1990, na bendi bado inapiga Jumatatu. Sisi tulichagua Alhamisi ya kwanza ya mwezi, ukumbi ule ule, iwe mvua iwe jua. Miezi mitano ya kwanza tulikuwa wengi jukwaani kuliko watu kwenye viti. Msiingiwe na hofu hapo.

Sasa pesa, na hapa najua nitaudhi. Kamati yetu ilikuwa ya wapigaji watupu. Wapigaji wakikaa kugawa pesa wananunua vyombo. Mwaka mmoja tulinunua drams mpya wakati hatujalipa kodi ya chumba cha mazoezi, na mimi nilinyoosha mkono kukubali. Akaunti nayo ilikuwa kwa jina la kiongozi wetu. Hakuiba hata senti, ila mfadhili mmoja alipoomba hesabu za miaka miwili tukampelekea daftari, na habari ikaishia hapo. Baadaye tulisajili bendi na katiba yake, akaunti ikawa ya saini mbili, na wengi kwenye bodi wakawa watu wasiopiga chombo chochote.

Tuliwapata wapi? Kwa watoto. Tulianzisha bendi ya vijana Jumamosi, kila kijana anakaa pembeni ya mkubwa wa chombo chake. Tulidhani tunatoa msaada. Kumbe wazazi walianza kujaa Alhamisi, wakaja na mashemeji na majirani, na mmoja wao alikuwa mhasibu ambaye alikerwa na daftari letu mpaka akaomba alishike yeye. Tromboni ya tatu leo inapigwa na binti aliyetokea Jumamosi zile, na hiyo nafasi sikumwachia kwa hisani.

Kwa hiyo mfadhili mtafuteni, lakini mkiwa na hesabu zilizokaguliwa mkononi, na mwombeni pesa za kazi inayoonekana kama hiyo ya vijana. Ukimwomba za "kukuza bendi" hajui ananunua nini. Kuhusu sare ulizouliza mwishoni, shati jeusi kila mtu analo. Nunueni taa za kusomea nota kwanza, nusu ya makosa ya safu ya nyuma ni giza.