Cendrillon yupi ni wa kweli?

Lubumbashi

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kwa nini Cendrillon, yule yatima wa hadithi ambaye Waingereza humwita Cinderella, aliyesomewa mjukuu wangu shuleni kule Liège, Ubelgiji, aliwasamehe dada zake wa kambo, ilhali rafiki yake Mjerumani anashikilia kwamba dada wale walijikata miguu. Unataka kujua mtoto aamini ipi. Aamini zote mbili, mama, hakuna aliyemdanganya.

Ile ya msamaha ni ya Mfaransa Charles Perrault, aliyeichapisha mwaka 1697. Alikuwa anawaandikia wakubwa wa zama zake, ndiyo maana mna boga linalogeuka gari la fahari, kiatu cha kioo, na binti mwenye adabu hata anawaoza dada zake kwa mabwana wa ikulu. Ndugu wawili wa Grimm, Wajerumani, walichapisha yao mwaka 1812. Humo dada mmoja anajikata kidole na mwingine kisigino ili kiatu kiwaenee, na njiwa ndio wanaofichua damu.

Lakini China walikuwa nayo zamani sana. Duan Chengshi aliiandika katika karne ya 9: yatima Ye Xian alifuga samaki, mama wa kambo akamuua samaki huyo akamla. Binti akaificha mifupa, na kila alipoiomba ilimpa alichohitaji.

Sasa tazama nani anamwokoa yatima. Kwa Perrault ni mama wa ubatizo mwenye uchawi wake. Kwa Wajerumani ni mti uliomea juu ya kaburi la mama, ukamwagiliwa machozi ya mwanawe. Kwa Wachina ni mifupa. Mimi nawapenda hawa wawili kuliko Mfaransa, nakwambia wazi, kwa sababu kwao aliyekufa bado anamtunza mtoto, na sisi hilo hatuhitaji kuelezwa.

Kwetu Katanga, Kalulu, yule sungura mjanja wa hadithi zetu, hangoji kuletewa kiatu. Wakati wa ukame wanyama wote walichimba kisima, yeye akakataa, kisha akawa anaiba maji usiku. Simba alishindwa kumkamata. Kobe ndiye aliyejipaka ulimbo akamnasa, na jinsi nilivyosimuliwa na nkambo, mzee wa ukoo wetu, kisa kinaishia hapo, kwa aibu yake. Maji ni ya wote.

Wazee wetu waliouzwa utumwani walivuka bahari na visa kama hiki. Kule Marekani sungura ananaswa na sanamu ya lami, lakini anaponyoka: anamsihi adui asimtupe kwenye miiba, adui anamtupa, kumbe miibani ndiko alikozaliwa! Naona waliokuwa wakisikiliza walihitaji aponyoke. Nani angewanyima?

Kwa hiyo usimfiche mtoto kile kisigino, wala usimnyime kile kiatu cha kioo. Jumapili mpe simu baada ya misa, nimsimulie Kalulu mwenyewe kwa Kiswahili. Pale asipoelewa, mtafsirie polepole, ila usinirukie sehemu ya ulimbo.

Mama yako