Sina ndugu mu kampuni, staji nitapata wapi?

SWALI: Yaya, jambo. Niko mwanafunzi ya jeoloji hapa Lubumbashi, L2 (mwaka ya pili ya iniversite). Mama yangu anauzishaka mukate ku Katuba na hatuna ndugu hata moja mu kampuni ya madini. Benzangu banasema bila mutu ya kukushika mukono hakuna staji, na kuko moja alishaniomba dola 50 eti ataingiza dosie yangu. Nifanye nini?

JIBU: Mudogo yangu, ile dola 50 usitoe. Mutu mwenye anataka kukusaidia kweli haombake makuta mbele hata asome sivi yako, na siku ile utamufata telefone itakuwa imezimwa, niliona ile kwa benzangu mingi na iliniuma sana.

Sasa hii ya "bila mutu". Kuko ukweli ndani, lakini mutu haiko tu ndugu. Kuko mwalimu moja ya Marekani, Mark Granovetter, mu 1973 alitosha utafiti juu ya bantu benye balipata kazi kupitia mutu, akabauliza, ule mutu mulikuwa munaonanaka naye mara ngapi? Asilimia 16.7 tu njo balisema mara mingi, 55.6 balisema mara moja moja, 27.8 mara chache sana. Rafiki yako ya kila siku anasikiaka habari zile zile unasikia weye, lakini ule ya mara moja moja anatembeaka fasi ingine.

Mi mwenyewe staji yangu ya kwanza ilitokea ku kwaya. Kulikuwa baba moja alikuwa anaimbaka nyuma yangu, miaka mbili tunasalimianaka tu, siku moja akakuja na viatu ya kazi yenye udongo mwekundu, alitoka Likasi moja kwa moja, nikamuuliza, baba, kule munachimbaka nini? Tukazungumuza mpaka balifunga kanisa. Sikumuomba kazi. Kisha miezi mbili yeye mwenyewe akanipigia.

Njo vile na weye usianze na kuomba. Uliza kazi yake. Kwa mukubwa ya promo mwenye alishamaliza, andika ku WhatsApp: "Jambo yaya, niko L2 jeoloji, nilisikia munafanyaka na karoti ya mawe yenye inatoka ku sonde, mutu anaanzaka kuangalia nini mbele?" (Karoti njo kile kipande murefu ya jiwe yenye sonde, mashini ya kutoboa chini, inatosha.) Ile swali anaweza kukujibu akiwa mu bisi. Na akijibu, kisha wiki mbili umurudilie, umwambie ulisoma nini juu ya ile alikufundisha, hapo njo bantu mingi banapotezaka, banachukua jibu banapotea. LinkedIn fungua pia, weka tu masomo yako ya kweli.

Kamata kaye uandike majina: asistanti mwenye ulimufanyia travo muzuri, bazazi ya barafiki, dereva mwenye anapelekaka ba-enjeniere Kolwezi, ule usimuzarau hata kidogo. Na bale bamama benye banakuyaka kwa mama yako kila asubui kununua mukate, mabwana yao banatumikaka wapi? Muulize mama leo mangaribi, yeye anajuaka bote.