Gesi ya mimea na uhai wa samaki

SWALI: Nimeunganisha mtungi wa hewa ukaa na tangi langu la samaki la lita 100 ili mimea istawi, na gesi huingia usiku na mchana. Kila asubuhi nawakuta samaki wamepanda juu ya maji wakihema. Nimekosea wapi?

JIBU: Kosa ni hilo la usiku, nami nakusihi ulirekebishe leo. Mimea hutumia hewa ukaa penye mwanga tu. Giza likiingia, nayo huvuta oksijeni kama samaki, hivyo gesi unayoendelea kuingiza hulimbikana majini na kumzuia samaki kutoa ile iliyomo katika damu yake, hata oksijeni ikiwa ya kutosha. Weka vali ya umeme inayoongozwa na saa, ifungue gesi saa moja au mbili kabla ya taa kuwaka na kuifunga kabla hazijazimwa.

Kiwango kisizidi miligramu 30 kwa lita. Kipimo cha kioo chenye kimiminika cha rangi, kinachobandikwa ndani ya tangi, huwa kijani gesi ikitosha na njano ikizidi, lakini huchelewa kwa saa kadhaa. Mimi huwaamini zaidi samaki wenyewe. Wakihema, funga gesi mara moja, washa pampu ya hewa na ubadilishe sehemu ya maji.

Mtungi nao usimame wima, umefungwa imara mahali penye hewa ya kutosha, kwa maana katika nyuzi 20 za Selsiasi hubeba mgandamizo wa takribani baa 57, yaani kama mara 57 ya mgandamizo wa hewa ya kawaida.