Nani anaguna ndani ya rekodi?

SWALI: Anko shikamoo. Napiga kinanda kwaya ya kanisani huku Nyakato, Mwanza, mshkaji kanirushia Goldberg Variations za Bach kapiga Glenn Gould, mafaili mawili, moja la dakika 38 jingine 51, sasa kwenye hili refu kuna mtu anaguna guna nyuma ya piano, ni faili bovu au? Halafu wanasema vipande 30 vyote vimetoka kwenye ule wimbo wa mwanzo, mi nasikiliza kwa spika ya simu kwenye daladala sioni hata kimoja kinachofanana nao.
Mdau, Nyakato

JIBU: Marahaba mdau. Faili ni zima, anayeguna ni Gould mwenyewe, alikuwa haachi kuimbaimba akipiga. Na ukisikia kitu kinalia kama mbao ni kiti chake, kile baba yake alichokikata miguu. Usihangaike na programu za kusafisha sauti, utafuta na piano.

Hilo la pili ndo tamu. Huoni kufanana kwa sababu unafuata melodi, na melodi Bach aliiacha palepale kwenye aria, yaani ule wimbo wa mwanzo, alichobeba ni besi na kodi (chords) za juu yake. Kaa kwenye kinanda chako, do iwe G, piga mkono wa kushoto do ti la so mi fa so do, taratibu mara kadhaa mpaka iingie kichwani, ndo urudi kwenye rekodi. Utaikuta karibu kila kipande, kuna sehemu imepambwa mpaka inajificha na kile cha 15, 21 na 25 ni maina (minor, skeli ya huzuni) kwa hiyo itasikika imenuna, ila mwendo ni uleule. Sasa spika ya simu besi haitoi, hapo ndani ya daladala na konda anapiga kelele utaipatia wapi? Tafuta earphone hata za bei chee, sabufa usiiguse, inavimbisha besi mpaka noti zinagandana.

Kuhusu dakika, la 38 alirekodi 1955 akiwa na miaka 22, harudii sehemu hata moja. La 51 ni la 1981, mwaka mmoja na ushee kabla hajafariki, humo baadhi ya sehemu anazirudia ndo maana limerefuka, siyo kwamba kila kitu kapunguza spidi. Sikiliza namba 25 utashangaa, kwenye mafaili yote mawili inavuka dakika 6 na ile ya 1955 ya ujanani ndo inachelewa zaidi.

Wengi watakwambia la 1981 ndo lenyewe. Mi hapana, aria yake inaniburuza, nalipenda la 1955, ila wewe kwa zoezi la besi anza na hilo refu maana noti zinakupa nafasi ya kuzihesabu.