Maswali ya Wasomaji: Kilemba cha Duka, Gesti na Anjera za Eastleigh

Mdogo wangu anataka kuuza nguo za watoto Eastleigh, Nairobi. Mwenye duka anayehama anamdai "gudwili" kabla ya kumpa ufunguo. Hizo ni pesa za nini, na hurudishwa? (Msomaji, Nakuru)

Gudwili ndiyo kilemba cha watu wa Dar: pesa za kukubaliwa kuingia, mbali na kodi ya mwezi. Hazirudishwi. Njia ya kuzipata tena ni kumtoza atakayempokea duka, ikiwa biashara ya jengo hilo bado ina moto. Wajenzi wa majumba ya maduka walizipenda kwa sababu waliwatoza wafanyabiashara jengo likiwa bado linapanda, wakazijengea.

Hatari ni pale anayepokea si mwenye jengo. Mpangaji anauza nafasi, anaondoka, kisha msimamizi anatokea na kufuli: hana habari ya mapatano yenu. Basi kabla shilingi haijatoka mfukoni, mdogo wako apate barua ya mwenye jengo inayotaja namba ya duka, jina lake yeye, na kodi atakayolipa. Risiti ya gudwili iwe mbali na ya kodi. Aulizie stima pia: mita ni yake au wanagawana? Na aende na futi kamba. Vipo vibanda ambavyo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na sanduku la shata (mlango wa chuma unaoviringishwa juu) hupunguza nafasi ya kutundikia nguo.

Halafu asome muda wa mkataba. Kwa sheria ya Kenya, upangaji wa duka usioandikwa, au ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka 5, humkinga mpangaji: hapandishiwi kodi wala hatolewi bila notisi ya maandishi ya miezi 2 au zaidi, na anaweza kuipinga kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara kabla siku yake haijafika. Ndiyo maana utakutana na mikataba ya miaka 5 na miezi 3. Hiyo miezi 3 si ukarimu.

Asiende kukagua Ijumaa saa saba mchana akadhani hakuna wateja. Watu wako msikitini.

Ni kweli maduka yote ya Eastleigh yalianzia gesti? (Msomaji, Morogoro)

Yote, hapana, ila mtindo wake, ndiyo. Mtaa ulianzishwa 1921, na kwa miaka mingi ulijulikana kwa Wahindi, ingawa Wasomali walikuwapo tangu zamani. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka 1991, wakimbizi walijaa kwenye gesti, na inayotajwa zaidi ni Garissa Lodge. Mchana mtu alitandaza bidhaa juu ya kitanda na kuuza. Usiku alizifunga, akalala hapohapo. Baadaye vyumba vikawa maduka kabisa, na wenye majengo ya jirani wakaiga.

Jina la "Mogadishu Ndogo" ambalo mtaa hupewa linawasahau majirani wengi: Waoromo, Wameru wa miraa, Wakikuyu, Wakamba, na wanunuzi wa jumla wanaotoka Uganda, Tanzania na Kongo. Bei hupatanwa kwa Kiswahili, hata kama hesabu inapigwa kichwani kwa Kisomali.

Anjera niliyoila Eastleigh ilikuwa na vitobo tele. Yangu hutoka kama chapati ya maji. Nakosea wapi? (Msomaji, Mombasa)

Ama uji wako ni mzito, ama kikaango hakijapata moto. Kwa ile ya Kisomali changanya vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha unga wa mtama au mahindi, kijiko cha chai cha hamira, chumvi kidogo, na maji ya uvuguvugu kama vikombe 3, uongeze mpaka utiririke kama maziwa mazito. Funika, ulaze usiku kucha. Asubuhi utaona povu juu. Usipoliona, hamira imekufa, na usipoteze gesi.

Mimina upawa mmoja katikati, kisha zungusha kitako cha upawa kuelekea ukingoni ili ibaki mistari ya duara. Vitobo vikitokea, funika kwa dakika moja hivi. Usiigeuze: huiva upande mmoja tu. Huliwa kwa samli na sukari, na chai ya iliki pembeni.

Ya Kihabeshi ni nyingine: unga wake ni wa tefu, nafaka ndogo ya Ethiopia, huchachushwa siku kadhaa, na ni kubwa kiasi cha kufunika sinia.