Njano sebuleni: chukua iliyopoa kuliko ile uliyoipenda dukani

Kila mtu akihamia nyumba mpya akaniuliza sebule aipige rangi gani, jibu langu ni lile lile, njano. Sebule yangu iko Dar, dirisha linatazamana na ukuta wa jirani, alafu wavu wa mbu nao unakula nusu ya mwanga uliobaki, ilikuwa krimu na saa tisa mchana tu unawasha taa. Tangu ipigwe njano tunawasha magharibi.

Lakini njano ina mambo yake. La kwanza, kile kikadi cha dukani usikiamini, maana ukutani njano inakolea, kila ukuta unamrushia mwenzake mwanga wa njano zote zinazidishana. Ile iliyokuvutia kwenye kadi shuka hatua mbili, chukua iliyopoa. Mimi nilipaka kipande cha jipsam nikawa nakihamisha, asubuhi karibu na dirisha, jioni nyuma ya sofa, usiku chini ya taa. Na usiku ndo kuna kazi, kwa sababu taa zile nyeupe zenye ubluu zinaitia njano ukijani flani usiopendeza kabisa. Soma boksi la taa, ile namba yenye K inaonyesha rangi ya mwanga, ikiandikwa 6500K achana nayo, tafuta 2700K au 3000K.

Ya pili, njano haifuniki vizuri, hasa ile angavu. Ukiipaka moja kwa moja juu ya bluu au kijani cha zamani yatabaki mabaka na utaambiwa ongeza galoni, ongeza tena. Simamia fundi azibe nyufa kwa pati, apige msasa, alafu praima nyeupe, yaani rangi ya msingi ya chini, ikauke, ndo njano koti mbili au tatu. Lita moja inapiga kama mita za mraba 10 kwa koti moja, kwa hiyo chumba cha mita 4 kwa 4 chenye kuta za mita 3 nunua galoni tatu za lita 4 kwa koti mbili, au nne kwa koti tatu, na uzinunue siku moja uzichanganye kwenye ndoo kubwa, maana rangi iliyochanganywa dukani leo na ya wiki ijayo zinaweza zisifanane.

Hili jamani naomba msilipite. Rangi za mafuta za njano angavu ni kati ya zile ambazo zimekuwa zikitiwa madini ya risasi (lead), na risasi hiyo inaharibu ubongo wa mtoto. Tafuta kopo lililoandikwa haina risasi, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kisizidi sehemu 90 kwa milioni. Ndani ya nyumba rangi ya maji inatosha. Na kama ukuta una rangi ya mafuta ya miaka mingi, msasa upigwe ukiwa umeloweshwa, watoto wapelekwe kwa bibi kwanza hadi vumbi lote lifutwe kwa kitambaa kibichi.

Vya kuweka nayo, mninga unakaa vizuri sana na njano, dari iache nyeupe, mapazia bluu nzito au kitenge chenye bluu, chini mkeka. Mapazia ya dhahabu yanayong'aa hapana, yanagombana na ukuta. Chumbani mimi napiga ukuta wa nyuma ya kitanda tu, ukilala huuoni lakini chumba kinachangamka.

Na kama chini ya ukuta kuna unyevu, rangi inavimba na chumvi inatoka, tibu unyevu kwanza ndo uende dukani.