Usichote zile koloni ndogo

Wewe unayeanza kazi ya maabara, kabla hujakariri majina ya vimeng'enya vinavyowapa bakteria usugu, angalia kwanza sahani ya bakteria yenye ampisilini, dawa ya jamii ya penisilini, iliyopitiliza muda kwenye inkubeta. Utaona koloni kubwa, yaani rundo la bakteria, na kandokando yake vikoloni vidogo vimeizunguka kama vifaranga. Nilipoanza nilivichota hivyo vidogo, nikaviotesha kwenye kimiminika chenye dawa ile ile. Asubuhi chupa ilikuwa angavu, hakuna kilichoota. Nikarudia mara mbili, nikidhani nimekosea kupima dawa.

Kumbe vile vidogo havikuwa na usugu wowote. Sugu alikuwa yule mkubwa, mwenye beta-laktamasi. Kimeng'enya hiki hufungua pete ya pembe nne iliyo moyo wa penisilini na jamii yake. Pete ikishafunguka, dawa haiwezi tena kunasa protini zinazounganisha ukuta wa bakteria. Na hakiishii kwenye molekuli moja: kinaivunja, kinaiachia, kinashika nyingine. Baadhi yake huvuja nje ya koloni, na taratibu dawa inaisha eneo lile, hata bakteria asiye na kinga anapata pa kuota. Kwa hiyo toa sahani zako baada ya saa 16 hadi 18, uchote koloni kubwa iliyojitenga. Ukiweza, tumia karbenisilini, maana haivunjwi upesi kama ampisilini.

Sasa linganisha na sahani ya kanamisini, dawa nyingine ya kuua bakteria. Vifaranga huvioni kwa urahisi, kwa sababu kimeng'enya chake kinakaa ndani ya seli na kinatumia ATP, molekuli ya nishati ya seli, kuibandika dawa fosfeti, ikashindwa kushika ribosomu, mtambo wa seli wa kuunda protini. Kloramfenikoli, dawa nyingine, nayo hubandikwa asetili humo humo ndani. Tangu nilipoelewa hilo, kila nikikutana na jina jipya la kimeng'enya nauliza mambo mawili tu: kinafanyia kazi wapi, na kinaifanya nini dawa, kwa njia gani?

Jambo lililonigusa sana katika kusoma kwangu ni kwamba watafiti Abraham na Chain walieleza kimeng'enya kinachoharibu penisilini mwaka 1940, wakati dawa yenyewe bado haijaanza kutumika kwa wagonjwa wengi. Bakteria walikuwa nacho tayari.

Swali la pili ndilo litakalokuokoa kwenye asidi ya klavulaniki. Asidi hii hukwamisha beta-laktamasi nyingi zinazofanya kazi kwa serini (moja ya asidi amino zinazounda protini), ndiyo maana huchanganywa na amoksisilini. Lakini NDM-1, beta-laktamasi nyingine, haitumii serini, inatumia zinki, na klavulaniki haiifanyi kitu. Hapo usiandike "beta-laktamasi" ukaishia hapo. Juu ya sahani ya bakteria hao weka kidonge cha karatasi chenye karbapenemu (dawa za jamii hiyo hiyo ya beta-laktamu) peke yake, na kingine chenye karbapenemu pamoja na EDTA, kemikali ambayo huinyang'anya zinki, kisha pima duara lisiloota bakteria kuzunguka kila kimoja. Weka pia kidonge cha EDTA tupu, kwani yenyewe huweza kuua bakteria.